Kabla ya Kushuka Shimoni

Yaya Beti, dada yangu,

Hamujambo pale Dilolo? Hapa Kolwezi mvua haikatiki, na bukari ninakula peke yangu kila siku. Kwaya za mtaa wa Manika ninazofundisha zinataka wimbo mpya kila juma. Hata nikipiga magoti kusali, kichwa kinaendelea kutunga.

Jana Tata Kazadi, mwimbaji wetu wa besi ambaye ni mchimba shaba, alinipeleka kuombea shimo lao jipya. Nikaanza kuimba. Akanishika mkono: "Nyamaza kwanza, maestro. Tunasikilizaka budongo mbele ya kushuka." Redio ya wachimbaji ikazimwa. Wanaume wote wakainama, wakisikiliza kama kuna mahali panapopasuka.

Leo nimesali vile vile, bila wimbo wala neno. Nilisikia mvua tu juu ya mabati. Halafu, polepole, nikajua: tangu tumzike Mama nimemtungia nyimbo nyingi, ila sijamlilia hata mara moja.

Nimelia, Yaya.

Uwasalimie batoto, Mungu awalinde. Nikirudi, usiniombe kuimba. Unipikie sombe, tukae kimya jikoni, wewe na mi.

Mudogo wako,
Fidèle