Maneno ya Wayeye

Kwihara,
Tabora.
14 Agosti 1936

Mpendwa Kaka Kasimiri,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tanga kwenye mkonge, na kile kikohozi kiwe kimekuachia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Karanga tumekwisha kuvuna, na Mama anakusalimu sana.

Lakini, kaka, nyumbani mna hofu. Nakuandikia kwa kuwa Baba hataki jambo hili litajwe.

Yuko Mwingereza mmoja pale mjini, Bwana Haris, anayetunga kamusi ya Kinyamwezi na Kiingereza. Alikuwa akija kwetu kumwuliza Baba maneno. Kila neno huliandika kwenye kikaratasi chake, akakitia sandukuni. Baba alimpenda, maana anajua kusikiliza.

Siku moja nilipowapelekea uji nikamsikia akieleza habari za kwao. Kamusi za kwanza za Kiingereza, alisema, zilikuwa na maneno magumu tu, ya wasomi. Baadaye watu wakaona haitoshi. Wakataka kila neno, la sokoni, la jikoni, hata la matusi. Wakakusanya vikaratasi kutoka nchi nzima, miaka mingi, na wengine walikufa kazi haijaisha.

“Kamusi haichagui, mzee,” akasema. “Neno lisipoandikwa, hufa na mwenyewe.”

Nadhani hilo ndilo lililomwingia Baba. Unajua kabla ya kubatizwa alikuwa mmoja wa Wayeye, wale wakamata nyoka. Wana majina yao ya nyoka na ya dawa, asiyeingizwa chamani hayasikii. Anayeyatoa, wanasema, dawa humgeuka. Baba aliyatoa yote. Mama alinituma kuni nisisikie.

Haukupita muda akaja Bibi Nyamizi kutoka Puge, yule mama aliyemwingiza Baba chamani. Alikataa kigoda, akakataa na maji.

“Nilikupa uyatunze,” akamwambia Baba.

“Niliogopa yatakufa, mama.”

“Yangekufa nasi. Yarudishe kabla ya mvua.”

Akaondoka. Kaka, hakupaza sauti hata kidogo.

Kesho yake nikamsindikiza Baba mjini. Bwana Haris alitupokea vizuri, akafungua sanduku. Vikaratasi vile havikuwamo, vimekwisha kwenda London kwa meli. Akasema ataandika barua virudishwe. Lakini alisema polepole, huku akiangalia meza, nami nikajua haviwezi kurudi.

Tulipofika nyumbani, nyoka kifutu alikuwa amelala mlangoni pa ghala. Zamani Baba angemwokota kama kamba. Safari hii alisimama tu, mpaka Mama akamwua kwa jembe. Baba akasema tu, “Nimeshindwa kumwita kwa jina lake.”

Tangu hapo hasemi Kinyamwezi. Neno la kwetu halitoki tena kinywani mwake, anaogopa lisije likawa miongoni mwa yale aliyoyatoa. Maji anaomba kwa Kiswahili, na Mama anamwita kwa Kiswahili, kama wageni waliokutana stesheni. Padre amemwombea, Baba akaitikia amina, lakini hofu ikabaki palepale. Bibi yetu Kiswahili hakijui. Kila asubuhi humsalimu mwanawe, naye huinamisha kichwa. Bibi anadhani amekasirikiwa, anauliza amemkosea nini, na hakuna aliyethubutu kumweleza.

Mimi mwenyewe sasa napekua majani kwa fimbo kabla sijakanyaga. Kama msimamizi wako atakubali, njoo kabla ya mvua. Wewe ni mwanamume, labda Bibi Nyamizi atakusikiliza.

Nisalimie wifi Eustadia, na Tobias na wote wa Unyamwezi mlio nao huko kambini. Mungu awalinde mchana na usiku, huko mnakokata mkonge.

Ukijibu, tafadhali usitie hata neno moja la kwetu. Barua zako mimi humsomea Baba.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Apolinaria