Karatasi Ina Njia Yake

Jumatatu, 2 Juni

Likizo imeanza! Wiki mbili bila kuona foleni ya wateja wala sura ya bosi. Na sipumziki ng'o. Nina siku sita za kugeuza stoo kuwa chumba cha Baba. Anafika Jumapili, atakaa wiki moja tu. Ndivyo alivyosema kwenye simu, mara tatu, utadhani anasoma masharti ya mkataba. Wiki moja, halafu Kaka aje amrudishe kwake.

Thubutu! Harudi. Mwezi wa tatu aliteleza bafuni, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja asubuhi kumjulia hali. Tangu Mama afariki anaishi peke yake na redio. Kumwomba tumemwomba, kumbembeleza tumembembeleza. Kaka amenyoosha mikono: mwache Mzee aishi anavyotaka. Mimi sijanyoosha. Nitampambia chumba mpaka aone aibu kuondoka.

Na kwa mikono yangu mwenyewe. Nimetazama video kumi na moja. Kazi rahisi.

Jumanne, 3 Juni

Stoo tupu. Mume wangu amepaka kuta rangi ya maziwa, na sakafu nayo kidogo, na sikio lake.

Nikaanza mapazia. Kitambaa cheupe cha pamba, kuchapa majani kwa kiazi. Unakata kiazi nusu, unachonga jani, unachovya kwenye rangi ya vitambaa, unabandika. Jani la kwanza — baka. La pili — baka. Kitambaa hakinywi rangi! Nikabadilisha kiazi. Nikabadilisha rangi. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akachungulia mlangoni: je, nimekifua? Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, lazima kwanza kipite maji ya moto. Nikamwambia nilikuwa najaribu tu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimekifua.

Alhamisi, 5 Juni

Mapazia tayari! Majani mia moja na kumi na mawili, viazi vitano. Nimepiga pasi upande wa nyuma ili rangi ishike. Mume wangu anadai majani mengine yanafanana na samaki. Nikamwambia chumba cha Baba si darasa la mimea.

Leo karatasi. Kofia ya taa ya kando ya kitanda: manila nyeupe, nimeitoboa matundu kwa sindano, ukiwasha taa ukuta mzima unajaa nyota. Kisha sanduku la dawa zake, kadibodi niliyoivika karatasi ya maua. Gundi ya dukani, brashi, rula. Baba alijalidi vitabu miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo mambo haya yamo kwenye damu. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

Kofia ya taa imebonyea kidogo upande mmoja. Upande huo nimeugeuzia ukutani.

Jumapili, 8 Juni

Amefika. Amekonda, lo! Shati linamning'inia.

Nikamfungulia mlango wa chumba kwa madoido yote. Akatazama mapazia. Akatazama taa. Akasema, "Kuzuri." Basi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kaka alipoaga, Baba akamuuliza Jumapili ijayo atakuja saa ngapi.

Imeniuma. Siwezi kusema haijaniuma.

Jumatatu, 9 Juni

Anakaa tu. Chakula vijiko vinne, nimehesabu. Redio hataki, ati ya kwetu ina sauti mbaya.

Jumanne, 10 Juni

Mambo!

Asubuhi nikasikia naitwa. Sauti ile ya zamani, ya kumfanya mtu ajiulize kavunja nini. Nikakimbia nikijua ameanguka. Ah wapi! Kasimama katikati ya chumba, kashika sanduku langu la dawa. Kifuniko kimejikunja, pembe mbili zimeinuka juu.

"Nani katengeneza hiki?"

"Mimi, Baba."

"Ulibandika karatasi kwa njia gani?"

Nikasema kwa gundi. Weee! Akaomba gazeti. Akalichana kwa urefu — likachanika sawasawa. Akalichana kwa upana — likaenda mrama. Karatasi ina njia yake, akasema, kama mbao. Ukiipaka gundi inavimba kwa upana, ikikauka inavuta. Ukiibandika bila kujua njia yake, itapindisha hata mlango. Miaka thelathini na minane amejalidi vitabu vya watu, halafu binti yake wa kumzaa anamtilia dawa kwenye kitu kama hiki! Akageukia taa. "Na hii! Nimelala siku mbili naitazama hii!" Kumbe alikuwa haoni nyota. Alikuwa anaona bonde nililoligeuzia ukutani.

Alinifokea nusu saa nzima. Mchana akala sahani mbili.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa! Asubuhi nimetengeneza mfuko wa ukutani wa kuwekea miwani yake. Karatasi nimeibandika kinyume — makusudi kabisa — na gundi nikaiacha ichuruzike pembeni. Nikauning'iniza, nikajificha jikoni. Dakika tano hazikwisha. "Wewe binti!"

Akaufumua wote. Akataka kisu kikali, rula ya chuma, kijiko. Mikunjo anaipitishia mpini wa kijiko, mara moja tu, inakaa kama imepigwa pasi. Vidole vinatetemeka akishika kikombe, lakini akishika karatasi vimetulia! Alikuwa anaimba kwa pua. Sijamsikia akiimba tangu msiba.

Najipongeza.

Alhamisi, 12 Juni

Makosa mawili leo. Bahasha, na fremu ya picha. Vyote amevikamata, vyote amevifumua, na mahubiri juu. Mume wangu ananiambia taratibu, njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu hii yangu ina siku tatu tu za kwenda.

Ijumaa, 13 Juni

Njia yangu imekatika.

Nilimpelekea daftari dogo la kuandikia saa za dawa. Nilijalidi kwa kitambaa, nikalikata jalada likawa fupi kuliko kurasa. Akalipokea. Akaligeuza. Hakufoka. Akavua miwani.

Akasema, "Tangu juzi unakosea kama mtu mwenye akili."

Nikajifanya sielewi. Akaeleza polepole. Asiyejua hukosea ovyo, mahali popote, hata pale ambapo hakuna wa kuona. Mimi nakosea pale tu atakapoona yeye. Na kosa la jana silirudii leo, natafuta jingine. Huo si ujinga, ni kazi. Akauliza, "Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama? Mimi mtoto, wa kupewa kitu cha kuchezea nisilie?"

Nilinywea. Natamani nisingeandika hata hili. Nimefanya kazi miaka kumi na saba mbele ya wateja wakali na hakuna aliyewahi kuninyamazisha hivyo.

Kisha ikanitoka tu. Nikamwambia naogopa. Kila simu yangu ikilia kabla ya saa moja asubuhi, najua ni jirani yake. Sitaki akae ili nionekane binti mwema. Nataka nilale usingizi, nijue yuko upande wa pili wa ukuta huu. Nililia, tena vibaya, na makamasi.

Akarudisha miwani, akanifikisha mlangoni, akaufunga nyuma yangu kwa adabu.

Jumamosi, 14 Juni

Kimya. Kimya kingi kina mshindo, nami nausubiri. Asubuhi nimemsikia anavuta sanduku lake la nguo kutoka chini ya kitanda. Akakunja mashati. Akakunja suruali. Vyote vimeingia, hata kandambili. Nimepita mlangoni mara sita na kazi za uongo.

Kaka kapiga simu, kesho saa nne yuko hapa. Anasema nisijitese, nimejitahidi. Sipendi neno hilo.

Baadaye — saa tisa alasiri. Kaja jikoni. Kauliza kama tuna unga wa ngano. Nikadhani ana njaa. Akajaza maji sufuria ndogo, akakoroga mwenyewe kwenye moto mdogo mpaka ukawa uji mwepesi, akauchuja. Gundi ya dukani ni ya watoto wa shule, anasema. Kisha akauliza zile picha za Mama ziko wapi, zilizokuwa kwenye bahasha ya kahawia.

Ninazo mimi. Nikampa. Akazipanga kitandani, arobaini na kitu, na hakuniita kuzitazama, nami sikujipeleka. Nilisikia tu kisu kinapita kwenye kadibodi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika jikoni, nimesimama. Kaka amefika.

Asubuhi nilimkuta Baba ameshavaa. Mezani kuna albamu. Ndiyo, albamu! Kurasa ameshona kwa uzi, jalada kalivika kitambaa kilichobaki cha mapazia, nyuma yake kakibandikia karatasi nyepesi ili gundi isipenye. Ndivyo alivyonieleza, mwenyewe sikuiona vizuri. Ilikuwa imebanwa katikati ya mbao mbili za kukatia mboga, na juu yake, kwa uzito, kaweka sanduku lake la nguo.

Kaka kaingia na funguo za gari mkononi. Salamu, chai, habari za barabarani. Kisha, "Haya Mzee, twende?"

"Jalada halijakauka," Baba kasema.

"Litakauka lini?"

"Inategemea hali ya hewa."

Kaka akatazama dirishani. Jua linawaka, nguo nilizoanika saa moja zimeshakauka kwenye kamba. Akasema basi sanduku litangulie kwenye gari, albamu tutaipeleka siku nyingine. Akanyoosha mkono.

"Ebo! Usiguse!" Akapiga meza, kikombe kikaruka kwenye kisahani. "Ukiinua sasa litapinda, na kazi yote hiyo bure. Wewe hujui karatasi. Muulize dada yako."

Kaka akanigeukia. Ni siku ngapi, ananiuliza kwa macho. Na Baba naye ananitazama, juu ya miwani, ametulia kabisa. Nimejifunza mengi wiki hii na ninajua: uji wa ngano, joto hili, jalada dogo kama lile, kesho asubuhi limekauka.

Nikasema mimi si fundi, aulizwe mwenye kazi. Nikakimbilia huku.

Wanabishana. Kaka anasema ana kazi kesho, hawezi kurudi kila siku kwa ajili ya gundi. Baba anamwambia hakuna aliyemwita kila siku. Sasa kiti kinasogezwa. Kaka kakaa, au Baba kasimama, sijui. Mume wangu kaniinulia nyusi kutoka mlangoni, nami nimemfukuza kwa mwiko.

Baba ananiita. Anauliza kama unga umebaki, wa kukorogea gundi nyingine.