Mahali pa Amani katika bendi

Goma, Jumanne

Dada Sifa mpendwa,

Kwa heshima kubwa ninakutangazia wewe, familia nzima, na jirani yako anayesikiliza barua zako dirishani: mdogo wako amenunua suruali ya ngozi katika mitumba ya Birere, na suruali hiyo imekataa kupita magotini. Juhudi zinaendelea. Taifa litulie.

Baada ya tangazo hilo, habari za Bukavu? Mguu unaendeleaje? Bado unaupanda ule mlima wa kanisani, ama sasa padri anakuja kwako kama kwa mke wa gavana? Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Maji yanakuja siku yanayotaka, maharage yanapanda bei, na watu wanaendelea kuoana.

Kwenye simu uliniuliza kama tumepata mtu wa kupiga gita mahali pa mtoto wako Amani, nami nikaanza kusema alo, alo, sikusikii. Nilikusikia vizuri.

Unajua tulikuwa wanne. Mwimbaji wetu aliolewa Kisangani akatuachia maikrofoni, halafu Amani akapanda basi la Kampala kutafuta maisha. Tumebaki wawili: mimi na gita langu la besi na tumbo langu, na Papa Kambale kwenye ngoma, ambaye siku za kazi anauza misumari. Anayeimba ni mimi. Usicheke.

Nyimbo nyingi tuliziacha. Lakini ile ambayo katikati Amani alikuwa anapiga peke yake, wengine wote tukimsikiliza, hatukuweza kuiacha, wala kumpa mtu mwingine sehemu yake. Tukapatana hivi: tukifika mahali pake, tunanyamaza wote wawili, tunahesabu kwa mguu muda ule aliokuwa anapiga, kisha tunaendelea. Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nasema, mutu mwingine akijaza nafasi ya mutoto, siku akirudi atakaa wapi?

Jumapili tulialikwa kwenye sikukuu ya parokia huko Munigi. Wimbo ukaenda vizuri, tukafika mahali pa Amani, tukanyamaza. Sasa wewe ni mtu wa Kivu, unajua huku muziki ukikatika ghafla watu wanawaza jambo moja tu. Ukumbi mzima ukanung'unika kwamba umeme umekwenda. Mwenye jenereta, baba mmoja mwenye bidii sana, akakimbia nje, akaizima mashine ili aikague, na hapo umeme ukaenda kweli. Nikaendelea kuimba bila maikrofoni, kama mtu anayeita mbuzi wake.

Akaiwasha, tukaanza upya. Tukanyamaza tena, naye akakimbia tena. Safari hii alirudi hadi mbele yangu, mikono imejaa mafuta, akaniambia kwa upole kabisa, "Muzee, mashine yangu ni nzima. Ni ninyi munanyamaza."

Kabla sijaendelea, unisalimie shemeji yangu fundi cherehani, umwambie kuna suruali inahitaji msaada wake. Msalimie binti yako mwalimu, apunguze ukali kwa watoto wa watu. Na mama mdogo Faida, anayetuombea ingawa hapendi kelele za magita yetu, mwambie sala zake zinafika.

Haya, salamu zimeisha na sina tena pa kujificha.

Kilichotokea ni hiki. Tulianza mara ya tatu. Tulipofika pale, nikamwona yule baba mlangoni, ananitazama, tayari kukimbia. Nikapiga. Nilipiga mahali pa Amani kwa besi, kwa nyuzi nene zisizofaa kazi hiyo, nikakosea mwanzo, nikakosea na mwisho. Kambale hakushtuka. Aliingia pamoja nami kama jambo tulilozoea. Tulipokuwa tunafunga vyombo nikamwomba radhi kwa kuvunja patano letu.

"Radhi ya nini?" akasema. "Mimi ninakungoja tangu mutoto aondoke."

Kwa hiyo, dada, mahali pa mtoto wako pamechukuliwa na mjomba wake, na anapapiga vibaya. Amani mwenyewe sijamwambia. Nimetaka mama yake ajue kwanza. Ukikasirika nitaelewa. Lakini katika ule ukimya wote tuliomtunzia, sikumsikia hata mara moja. Juzi, katikati ya makosa yangu, nikitafuta vidole vyake vilikuwa vinapita wapi, nilimsikia.

Mdogo wako anayekupenda,
Deo