8,820,899 Haivunjiki Vinginevyo

Jumanne, Ndhiwa. Mawingu mazito tangu alfajiri, na mvua bado haijaamua. Kuku wangu wamekataa kutoka nje.

Asubuhi alikuja Awuor, karani wa ardhi, na fomu moja. Kiwanja ninachoishi kina majina mawili, kama yalivyokuwa kwenye daftari la kambi tuliyokimbilia: langu na la mdogo wangu Ouma. Ouma alitoka kambini siku moja akatafute ng'ombe wetu kule tulikofukuzwa. Hakurudi, na miaka ni mingi. Nikitia sahihi kwamba amekufa, hati itatoka kwa jina langu, niwaachie wajukuu. Mwisho ni Ijumaa. Nisipotia, kiwanja kinarudi serikalini.

"Japuonj," akasema, yaani mwalimu, "weka tu sahihi hapa chini niende, mvua inakuja."

"Acha nisome kwanza."

"Haki wewe! Ulistaafu na bado unasahihisha watu."

Nilicheka. Kisha nikaona namba ya fomu: 8,820,899.

Nilifundisha hesabu maisha yangu yote. Siwezi kuona namba nikaiacha nzima. Ukiiongezea moja inakuwa 8,820,900, ambayo ni 2,970 mara 2,970. Basi yenyewe ni 2,969 mara 2,971. Hizo mbili hazigawanyiki ila kwa moja na zenyewe. Hakuna njia nyingine ya kuivunja.

Kambini, 2,969 ilikuwa namba yangu. 2,971 ilikuwa ya Ouma.

Mama alikuwa hai wakati ule. Kwake, watoto wa tumbo moja hawahesabiwi wakifuatana. Ni kukionyesha kifo njia. Akamsihi mwanamke tusiyemjua asimame katikati yetu kwenye foleni, naye akapewa 2,970. Nilimcheka mama mbele ya watu. Hilo sijawahi kuliandika popote.

"Namba hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Ni mashine tu inayozitoa, Japuonj. Haijui mtu."

Najua. Fomu ni nyingi, na kila namba lazima imwangukie mtu. Mwanafunzi aliyeona ishara ndani ya hesabu nilimrudisha kitini. Hata hivyo, Awuor alipoondoka nilizizidisha zile mbili tena kwa kalamu, hadi mara ya tatu. Jibu ni lile lile.

Ukiigawanya kwa yangu, anabaki Ouma. Mzima, bila sehemu.

Ijumaa nitairudisha fomu bila sahihi. Wajukuu watanilaumu, na watakuwa na haki.

Lakini kinachonitia baridi ni mgawanyo wa upande wa pili. Ukiigawanya kwa namba ya Ouma, ninabaki mimi. Huenda mahali fulani, Karungu au hata Mfangano, karani mwingine amemwekea yeye fomu kama hii, athibitishe kwamba mimi nimekufa.

Je, ameshatia sahihi?