Kabula Hakuibiwa

Ath, Ubelgiji

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, wewe na mama na wote wa hapo Bariadi. Mgongo unakusumbua bado? Mvua je, zimewafikia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa. Dada Mbuke unayemsomea baba, nakuomba usiruke neno, hata likikuchoma.

Mji huu ninakoosha vyombo hotelini ni mdogo, lakini una majitu. Kila mwaka mwishoni mwa Agosti hutolewa barabarani: Goliathi wa kwenye Biblia na mkewe, wamesukwa kwa fito na kuvishwa nguo, vichwa vinafika madirisha ya ghorofani. Mwanamume mmoja huingia ndani ya sketi akalichezesha jitu. Goliathi huozeshwa kila mwaka, mke yuleyule. Nilicheka, baba, kisha machozi yakanitoka mbele ya Wazungu. Nilimkumbuka Kabula, sanamu yako ya mti. Ulimchonga mikono ya kuvutwa kwa kamba, na tukishindana ngoma baada ya kuvuna pamba aliwapungia watu mpaka wakaliacha kundi la pili na kukimbilia kwetu.

Mzee mmoja aliyembeba mke wa Goliathi ujana wake wote, kama baba yake, aliniuliza kama kwetu vipo vitu hivi. Nikamsimulia Kabula. Akauliza, "Yuko wapi sasa?" Nikajibu aliibiwa. Yaani hata huku, kwa mtu asiyetujua, nimesema uongo uleule.

Baba, Kabula hakuibiwa. Biashara ilipokuwa ruksa na wanunuzi wa vinyago wakaanza kupita Lamadi, nilimuuza mimi, nipate nauli ya kwenda Dar es Salaam. Kisha nikakwambia mdogo wangu Masanja aliacha wazi ghala tulimomweka Kabula. Masanja aliapa kuwa alilifunga. Ukamwambia mbele ya wachezaji wote, "Usikanyage tena kwangu." Nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza. Tangu hapo anauza dagaa Lamadi, hata misibani haji, na wewe hukuchonga tena. Naona aibu kuishika kalamu hii.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba upande basi uende Lamadi, wewe mwenyewe, usitume mtu, ukamwambie kuwa mlango aliufunga.

Mama mwambie asiache kula kwa ajili yangu. Nisalimie mjomba mwenye ng'ombe kule Shishiyu, na shangazi aliyenifungia michembe ya viazi ya safari. Masanja simtumii salamu. Yake ya kwanza itoke kwako.

Mwanao,
Luhende