Kamanda na Mashuka ya Mkwe

Engaresero, 9 Agosti 2024

Mkwe wangu Loserian,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, goti tu linanisumbua asubuhi. Ng'ombe wazima, upepo wa ziwani unatujaza vumbi kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu mkwe hapigiwi simu ovyo.

Mwanangu Nareyu yupo kwangu tangu mlipompoteza mtoto wenu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mbwa wenu Kamanda, aliyepanda naye gari siku ile, amenishinda. Kila alfajiri anashuka ziwani. Anarudi mweupe kwa magadi, ananuka ndege heroe aliyeoza, halafu anajisugua kwenye ngozi ninayolalia. Juzi kaiba buti la mtalii kule kambini, la mguu mmoja. Jana kala mafuta yote ya kondoo niliyomwekea mwanangu apate nguvu.

Kila anachoiba anamwekea Nareyu miguuni. Buti, manyoya ya waridi, mfupa. Nareyu anavitazama tu. Haongei, halii, anaangalia ziwa mpaka rangi zake zinaisha jioni.

Njoo umchukue mbwa wako. Na ukifika, zungumza na mke wako.

Mama mkwe wako,
Resiato

Karatu, 20 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini goti limepata nafuu. Huku kwetu Ganako ni baridi. Ukungu unashuka kutoka mlimani kwenye Kreta hadi mlangoni, nikiamka naona kama nyumba inaelea. Pole sana kwa Kamanda. Hapa alikuwa analala juu ya unga wa wageni.

Mama, nitasema ukweli. Siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi kupikia watalii. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa ukimya wa nyumba, nikamwachia Nareyu peke yake. Namtaka mke wangu arudi, ila sijui nianzie wapi. Huwa naota ananiita kutoka ndani ya ukungu, nami nimeshika sufuria ya moto na sipati pa kuitua.

Nitakuja Jumamosi tarehe 31.

Mkweo,
Loserian

Karatu, 2 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Naomba radhi hata kabla ya kuulizia goti.

Nilikuja kama heshima inavyotaka. Nilivaa mashuka mawili mapya, fimbo mkononi, nikasimama nje ya boma nimegeuza uso ili tusitazamane. Wewe ulikuwa umejifunika, Nareyu amekaa pembeni. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

Ndipo Kamanda akaisikia sauti yangu. Alikuja mbio kutoka ziwani, mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga. Akanirukia kwa furaha, akang'ata mashuka yote mawili, akatimka nayo. Nikabaki mbele ya mama mkwe na bukta ya mpira iliyotoboka! Nikajificha nyuma ya punda. Punda naye akaondoka.

Nilikimbilia kambini, nikaazima suruali, nikapanda gari. Nareyu sikumwambia hata neno moja. Hii ni mara ya pili namkimbia, na naumia kuliko ile ya kwanza.

Natuma kondoo jike ili heshima irudi kati yetu. Kama Nareyu hanitaki tena, nitaelewa.

Mkweo,
Loserian

Karatu, 25 Septemba 2024

Mama, shikamoo.

Hamjambo huko? Kondoo alifika? Wiki tatu sasa sijapata neno. Ukungu umeacha kushuka na nyumba imekuwa kubwa mno. Tafadhali niandikie, hata kama ni kunifukuza.

Mkweo,
Loserian

Engaresero, 6 Oktoba 2024

Mkwe wangu,

Sijambo, goti limetulia. Kondoo alifika, mnono. Heshima imerudi, ila bukta ile usiitaje tena.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Punda alipoondoka, Nareyu alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikawa kilio, akalia hadi ng'ombe wakarudi. Kesho yake akaanza kuongea. Mwezi mzima ananisimulia mtoto alivyokuwa akimshika kidole, alivyopiga chafya mara tatu mfululizo. Sisi hatumtaji aliyekufa, ndivyo tulivyolelewa mimi na wewe. Lakini ni mwanangu, nikamwacha aseme, na mimi nikalia.

Anasema alipokuona nyuma ya punda, una hofu na aibu usoni, alijua hukuwa jiwe.

Shuka moja tumelipata kwenye magadi, limekauka linasimama lenyewe. La pili Kamanda analilalia na hakuna anayethubutu kumnyang'anya. Leo asubuhi kaja na kofia ya dereva wa watu.

Sasa nisikilize. Nareyu atataka kukusimulia na wewe. Usikimbilie jikoni. Keti, na ukishindwa la kusema, mshike mkono.

Barua hii nimempa yeye akuletee. Basi acha kusoma, mpokee mzigo.

Mama mkwe wako,
Resiato