Kuzunguka Kaunta Isiyokuwepo

Al Hail, Maskati, Ijumaa, baada ya Magharibi

Leo hewa imelegea. Ule unyevu uliotuganda mwilini tangu kiangazi umeondoka, na nimefungua dirisha la chumba changu badala ya kuwasha kiyoyozi. Nasikia gari la jirani likirudi nyuma polepole kuingia bandani. Chini, Bibi anabishana na Mercy kuhusu dawa ya jioni. Kwa sauti zao, Bibi anashinda.

Niko mzima, kazi ninayo, nyumba imejaa watu wanaonipenda. Naliandika hili kwanza, kwa sababu yanayofuata yatanifanya nilisahau.

Bibi yangu hanijui.

Ndiye aliyenilea. Mama alikuwa akitoka asubuhi kwenda wizarani, nami nikibaki na Bibi, na kitandani kwake ndiko nilikolala mpaka nikawa msichana mkubwa. Kiswahili hiki ninachoandikia ni chake. Alikuja nacho kutoka Unguja akiwa mke wa mtu, kijana kuliko nilivyo mimi sasa, na mpaka leo Kiarabu chake kina lafudhi ya mtaa wao wa Kiponda.

Nilipoondoka kwenda Kobe, Japani, kwenye kozi ya kazini ya mambo ya bandari, alikuwa keshaanza kuchanganya siku na majina ya wajukuu wadogo. Mimi alinijua. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanisomea dua, akaniambia nisile vitu vibichi. Niliporudi baada ya wiki sita, alinikuta mlangoni na begi langu, akanipa mkono kwa adabu, akageuka kwa Mercy.

"Mtilie mgeni kahawa."

Mercy ni dada kutoka Kakamega anayemtunza Bibi na kumwita Shosho. Aliniona nilivyosimama, akataka kunichekesha. "Usijali, dada. Mimi leo Shosho amenifuta kazi mara mbili. Saa nane akaniandika upya, hata hakuniuliza nimesoma wapi."

Nilicheka. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfanyia Bibi mitihani. Hakuna neno jingine. Namwimbia alivyokuwa akiniimbia. Najifukiza udi wake. Namwuliza, "Mimi nani, Bibi?" na yeye, aliyelelewa kutomuumiza mtu aliyeingia nyumbani kwake, ananijibu, "Wewe mtoto mzuri, mwanangu." Jana nilimwonyesha picha yetu ya Idi, sisi wawili juu ya zulia na sinia la halua. Akaweka kidole juu ya uso wangu, akasema bila kusita, "Huyu Raya, mjukuu wangu." Nikamwuliza, "Na mimi?" Alinitazama, akatazama picha, akarudi kunitazama. Aliona haya, kama mtu aliyesahau jina la mgeni wa heshima.

Nilistahili kukoma hapo. Sikukoma. Niliuliza tena.

Halafu kuna hili la geti. Nilipokuwa safarini Bibi alianza tabia mpya: akishasali Alasiri anavaa buibui lake, anakwenda kushika vyuma vya geti, anasimama. Ukimwuliza anakwenda wapi, anasema tu, "Nifungulieni." Mama anaamini anataka kwenda kwao Unguja. Wiki iliyopita alitoka bila mtu kumwona akafika barabara kubwa, pale magari yanapokwenda kama yamefukuzwa. Mwanamume mmoja alisimamisha gari, akamrudisha taratibu, akamwita "mama" njia nzima. Siku ya pili Mama alinunua kufuli. Mpaka leo mchana lilikuwa juu ya friji, bado limo ndani ya plastiki yake.

Kila nilipofungua friji nililiona, na kila nilipoliona nilimkumbuka Bi Morita wa Kobe.

Wenyeji wetu wa kozi walitupangia matembezi ya kuujua mji. Wenzangu walikwenda madukani, nikabaki peke yangu na mwongozaji, mama wa makamo ya Mama yangu au zaidi kidogo, mfupi, kofia ya turubai, viatu vya mpira vyeupe. Alizaliwa na kukulia Kobe. Alizungumza Kiingereza cha kupimwa, kila sentensi akiitoa kama kikombe kilichojaa.

Mimi ni mtu wa Maskati. Natoka ndani ya nyumba naingia garini, natoka garini naingia ofisini Qurum, na hata duka la mtaani napiga honi waniletee nje. Yeye alinitembeza mitaa ya katikati ya mji tangu asubuhi: masoko marefu yaliyoezekwa juu kama korido isiyoisha, vichochoro vya mikahawa ambamo mabega yetu yaligusa kuta pande zote mbili, mteremko unaoonyesha bandari chini na milima nyuma. Nilikuwa na ramani kwenye simu na kila kona niliilinganisha na mji. Yeye hakuwa na ramani. Mchana tuliendelea kuelekea magharibi, miguu yangu imeshaota malengelenge, mpaka mtaa wa Nagata, ambako zamani, alisema, ulikuwa ukisikia cherehani za viatu kutoka kila dirisha.

Hapo palitokea tetemeko, na baada ya tetemeko ukaja moto. Hilo nililisoma kabla. Sasa pana maghorofa safi, miti iliyopandwa kwa mstari, soko jipya lenye milango mingi iliyoshushwa. Bi Morita alisimama mbele ya uwanja mdogo wa kuegesha magari.

"Hapa ni duka la tofu la mama yangu," alisema.

Alisema *ni*, si *palikuwa*. Nilidhani ni Kiingereza chake.

Nilitazama. Lami, mistari myeupe, gari moja la rangi ya fedha, mashine ya kuuza vinywaji. Nikasema maneno ambayo bado yananichoma: "Lakini hapa hakuna kitu."

Hakukasirika. Alianza kuukata uwanja kwenda upande wa pili, nami nikamfuata kwa njia ya mkato, moja kwa moja, kama mtu yeyote anayepita juu ya lami tupu. Akageuka, akainua mkono kidogo.

"Samahani. Hapa huwa tunapita upande huu. Hapo kuna kaunta."

Nilicheka kwa kudhani ananitania. Yeye hakucheka. Alisubiri tu, na mkono wake umebaki hewani, mpaka nikarudi hatua mbili, nikaizunguka kaunta. Upande wa pili alisema jirani wa kushoto ni mshona soli, bwana mlevi lakini mpole, na wa kulia ni mwanamke mwenye paka. Mbele ya kila mahali pasipo na kitu alitikisa kichwa kidogo kutoa salamu. Mama yake alifia pale. Hilo alinieleza kwa sentensi moja, tukiwa tumeshafika kwenye kituo cha treni, na baada yake akaniuliza kama miguu inaniuma.

Nilimwambia hapana. Niliona aibu kulalamika.

Basi leo, baada ya Alasiri, Bibi alivaa buibui lake akaenda getini. Mama alikuwa jikoni, na nilimwona akinyoosha mkono juu ya friji.

"Nipe leo tu, Mama. Nitoke naye."

"Utoke naye wapi? Hapa pana pa kutembea?"

"Anapotaka yeye."

"Anataka Unguja, Raya. Utampeleka Unguja kwa miguu?" Aliichana plastiki ya kufuli kwa meno, akalishika mkononi. Mama analia kwa hasira, siku zote amekuwa hivyo. "Na gari ikimgonga? Mimi ndiye nitakayemwokota barabarani." Nilisimama palepale. Mwishoni akasema, "Yallah, nendeni. Msivuke barabara. Na umshike mkono."

Nilifungua geti. Bibi hakuniangalia kwanza, alitazama njia kushoto, akatazama kulia. Halafu akanipa mkono.

"Wewe si wa hapa," alisema. "Twende nikuonyeshe, usije ukapotea."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema *Bibi, mimi ni wa hapa, nimezaliwa hapa*. Nikaufunga.

Njia zetu za Al Hail hazina kitu cha kuonyesha. Kuta ndefu za rangi ya mchanga, mageti ya chuma, maji ya viyoyozi yanadondoka, maua ya mbogamvilea juu ya ukuta wa jirani, paka. Bibi aliingia katika kipenyo baina ya nyumba mbili akapunguza mwendo, kama watu wanavyofanya vichochoroni kwa ajili ya anayekuja upande wa pili. Hakuja mtu. Hata hivyo alijibanza ukutani, akajibu salamu.

"Hapa kwa Bi Zuwena, anashona kofia. Macho yameshamharibikia lakini hasikii la mtu." Tulikuwa mbele ya gari kubwa jeupe lililofunikwa turubai. "Hodi! Hodi, Bi Zuwena!" Tulisubiri. Kimya. "Kaenda harusini, huyo. Harusi haimpiti."

"Harusi ya nani?" niliuliza.

Lilikuwa swali langu la kwanza kwake baada ya wiki nyingi ambalo halikuwa mtihani. Alinijibu kwa raha mpaka mwisho wa ukuta: harusi ya nani, mahari yalivyobishaniwa, nani alinuniana na nani kwa ajili ya sahani ya biriani. Sijui kama watu hao waliwahi kuwapo wote kwa wakati mmoja. Nilicheka kwa kweli, naye akanipiga begani, "Usicheke, mama yake ataskia."

Tulipokaribia kona nilitaka kukata kona kwa ndani, juu ya kipande cha changarawe. Akanivuta mkono.

"Usipite hapo. Pana baraza, wanaume wamekaa."

Changarawe, chupa tupu ya maji, kivuli cha nguzo ya umeme.

Nilizunguka. Nilishusha hata macho, kama anavyopita msichana mbele ya wanaume wa watu. Bibi aliniridhia, nililiona hilo usoni mwake, na kwa muda huo nilijisikia nimefaulu kitu, nikavimba kichwa. Nikafikiri: sasa. Sasa amekuwa mwepesi, sasa atanijua. Nikaharibu.

"Bibi. Mimi Raya. Mtoto wa Asha."

Alisimama. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, bila haya safari hii, kwa huruma kama unavyomtazama mtu anayekosea kwa nia njema.

"Raya hayupo," alisema. "Raya yuko safarini. Kaenda Japani, mbali huko, peke yake. Mie nnamngojea."

Alitazama njia, kisha akaendelea.

"Wale ndani washanchoka. Nnawaambia nifungulieni nikasimame njiani, atafika na begi lake usiku usiku hajui kama tumo. Wanadhani nna wazimu." Alitengeneza ukaya wa buibui lake. "Huyo akitoka safari hasemi neno. Anakula kwanza. Ukimkuta na njaa ndo mkali kama pilipili."

Ni kweli. Ndivyo nilivyo.

Wiki zote hizi nimelia kwamba nimefutika kichwani mwake. Sikufutika. Nimo, mzima, na njaa yangu na ukali wangu, niko njiani kutoka Japani, na kila siku baada ya Alasiri kuna mtu mmoja duniani anayekwenda kusimama getini kwa ajili yangu. Ila mimi niliyefika siye anayemngojea.

Sijui kama hilo ni faraja.

"Atafurahi akikukuta umemngojea," nilimwambia mwisho.

"Inshallah," alisema. "Na wewe, umefikia kwa nani?"

"Kwenu, Bibi."

"Ahaa. Basi karibu. Usione tabu."

Tulirudi kwa njia ileile, tukawapisha wanaume wa barazani, tukampigia tena hodi Bi Zuwena. Hajarudi harusini. Getini Bibi hakutaka kuingia mpaka atazame njia mara ya mwisho, kushoto na kulia. Safari hii nilitazama pamoja naye.

Mama alikuwa amesimama ndani ya ua, kufuli bado limo kiganjani. Nilimweleza jikoni, kwa sauti ya chini, anachokingoja Bibi. Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo. Alifungua droo ya vijiko, akalitia kufuli humo, akaifunga. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mercy ananiita kutoka chini sasa. Bibi amekataa dawa mpaka mgeni naye ashuke mezani.

Nafikiri mitihani nimeimaliza. Siahidi, kwa sababu najijua. Kuna siku nitamshika mkono nimwulize tena, na ataniona haya tena. Lakini kesho si siku hiyo. Kesho baada ya Alasiri nitatoa viti viwili nje ya geti, na chakula kidogo kilichofunikwa, maana atakuja na njaa. Nitakaa karibu na Bibi, tumngojee Raya.